Vidole Vilivyokatazwa Kazi

Wanangu, kadhi huushika mkono wa bwana harusi mara moja tu, akauachia, akaenda kula pilau yake. Mimi nimeshika mikono ya watu maisha yangu yote ya kazi, kidole kimoja kimoja, na pilau sikupewa. Vidole nilivyovipaka wino pale Wete, ukivilaza vikafuatana, vitaanzia hapa Jadida kwenye baraza yangu, vivuke bahari mpaka Unguja, na vitakavyobaki vitatosha kurudi. Hakuna mwanamke wa kaskazini ya kisiwa hiki aliyekwenda kusoma ng'ambo bila ya kupita mkononi mwangu. Wapo watakaosema natia chumvi. Waje waseme mbele yangu.

Nimeshika kalamu kwa sababu yenu nyinyi mnaopita hapa kunisalimia mkishapata nafasi ya masomo, wengine Uturuki, wengine India, wengine wapi sijui, halafu mnanuna. Bi Zuhura, wanataka cheti cha tabia njema. Bi Zuhura, wanataka vidole vyangu, mimi mwizi? Si mwizi, mwanangu, na ndiyo maana vinatakiwa. Huko unakokwenda hawamjui baba yako. Hapa Pemba mtu akiulizia habari zako ataambiwa mpaka siku uliyoachishwa ziwa. Huko wewe ni jina na picha, basi. Kwa hiyo unachukua barua ya sheha, unakwenda polisi, unatiwa wino, vidole vyako vinapelekwa makao makuu kuangaliwa kama viliwahi kufika huko kwa ubaya. Havikufika, unaandikiwa cheti, unasafiri. Kazi yangu ilikuwa hapo katikati, kwenye wino.

Mimi si mtoto wa skuli hizi zenu. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akakaa. Nilipokuwa msichana nililea wadogo zangu, kusoma nikasoma baadaye, nimeshaolewa, katika masomo ya jioni ya watu wazima. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu, na mtoto wa kwanza ndiye aliyekuwa akinisikiliza tarikhi. Siku ya matokeo nilitembea barabara ya Wete nzima kwa mwendo wa gavana. Kwa cheti kile nikapata kazi ya kupiga chapa polisi, nguo za kiraia, kiti cha mbao, taipureta yenye herufi K iliyokatika mguu.

Chumba cha alama za vidole kilikuwa cha jirani, na aliyekuwemo ni Sajini Faki, mtu wa Makoongwe, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuadhini. Nami nikawa nauona uzito wa kazi yake kila siku. Mwanamke anafika na barua yake ya sheha, anaambiwa toa mkono, anautia mkono ndani ya buibui. Si jeuri. Hajawahi kushikwa mkono na mwanamume asiyekuwa wake, na leo ashikwe vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kwa utaratibu? Wengine walilia. Mmoja, mtu mzima, alimwambia Sajini kwamba bora abaki bila ya hiyo Malaysia. Sajini Faki hakumlazimisha mtu. Alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje kama aliyekuja kuposa, akaniuliza kama ningependa kujifunza kazi nyengine.

Sasa na yeye atanifundisha vipi bila ya kunishika mkono? Hapa ndipo nilipomjua ni mtu wa namna gani. Kesho yake alikuja na fungu la bamia.

Msicheke. Bamia lina mgongo, lina mistari, ni laini, ukiligandamiza linapasuka na ukilishika kilegevu linakuteleza. Alimimina wino tone moja juu ya kioo, akausambaza kwa rola ya mpira mpaka ukawa mwembamba, akashika bamia lake, na mimi nikashika langu. Ukucha upande huu, akasema, lilaze, lizungushe mpaka ukucha wa upande wa pili, kisha linyanyue. Usilirudishe. Ukirudisha umeua. Asubuhi ile niliua mabamia yote, nikayachukua nyumbani, na watoto wakala mchuzi mweusi wa kwanza na wa mwisho katika historia ya Jadida. Lakini baada ya muda nikawa nalizungusha bamia likaacha mistari yake yote kwenye karatasi, imenyooka, hakuna uliokatika. Sajini aliichukua karatasi ile akaibandika ukutani. Wageni wakadhani ni alama za mtuhumiwa fulani mwenye ugonjwa wa ngozi.

Yale aliyonifundisha nawapa bure. Dole gumba huzungushwa kuelekea mwilini, vidole vinginevyo kutoka mwilini, kwa sababu ndivyo mkono unavyopenda wenyewe. Wino mwingi ni adui. Watu hudhani wino ukizidi alama itaonekana zaidi, kumbe unajaza mifereji ukapata doa. Mkono uwe mkavu. Na kubwa kuliko yote, mtu asikusaidie. Kila mtu akitiwa wino hutaka kukusaidia, anagandamiza, anasukuma, na kazi inaharibika. Sajini alikuwa anawauliza watu habari za mbali. Mvuvi atamuuliza changu wa mwaka huu wakoje, mwalimu atamuuliza chaki siku hizi zinakatika kwa nini, na mtu akianza kujibu mkono unalegea. Mimi niliwauliza wanawake habari za mawifi zao. Mkono ulikuwa unalegea mpaka begani.

Na nikajifunza kusoma kazi ya mtu kwenye ncha za vidole. Mchuma karafuu ana weusi usiotoka kwa sabuni. Mvuvi ana makovu ya mshipi, membamba, yamepita kidole kwa mshazari. Mpishi wa hoteli ana alama za kuungua. Ila wanawake wa pwani ya kaskazini ndio walionitoa jasho. Hawa hulima mwani, wanafunga na kufungua kamba ndani ya maji ya chumvi. Wakitoka huko wanafukua makumbi ya nazi waliyoyazika topeni, wanayatwanga, wanasokota kamba kwa viganja. Chumvi inalainisha ngozi, kamba inaipiga msasa. Ukimtia wino unapata kidole cheupe katikati na duara jeusi pembeni, kama shilingi. Mistari ya Mungu imelika.

Hapo ndipo anapoingia Fatma.

Fatma Ali Juma alitoka kijiji kimoja mbele ya Konde, huko kunakokwisha barabara. Alikuwa na umri wa kuolewa na hakuolewa, mwembamba, anakutazama machoni. Alipata nafasi ya kwenda India kusomea kutengeneza miguu ya bandia. Nilimuuliza, kama nilivyomuuliza kila mtu ili mkono ulegee, kitu gani kilichomtia hamu ya kazi ya ajabu kama ile. Akanihadithia huku namzungusha kidole cha shahada. Kaka yake Hamad alikuwa mchumaji wa karafuu, wa kupanda juu kabisa kunakoogopwa na wengine. Tawi likamvunjikia. Mguu mmoja ulikatwa chini ya goti. Tangu siku ile Hamad anakaa barazani na mikongojo yake, na mvua zikinyesha hatoki, kwa sababu njia ya kwao ni udongo na mikongojo inazama. Alikuwa mtu wa kuimba juu ya mkarafuu akasikika Konde, sasa haimbi. Fatma amesikia kwamba mguu unaweza kufanywa hapa hapa Pemba kama atapatikana mtu anayejua. Basi, akasema, na awe yeye.

Nikamaliza, nikatazama kadi. Shilingi tupu, mwanzo mpaka mwisho. Nikarudia. Shilingi. Sajini Faki akatazama kwa lenzi yake, akasema tupeleke, huenda wenzetu wana macho mazuri zaidi.

Kadi ilirudi na habari mbili, zote mbaya. Ya kwanza, vidole havisomeki. Ya pili ilimfanya Sajini avue kofia. Katika kumbukumbu za zamani alikuwemo Fatma Ali Juma, mwanamke wa Pemba, aliyetiwa hatiani kwa magendo ya karafuu.

Nyinyi mnajua majina yetu. Jina lako, la baba, la babu, na yote matatu tumeyatoa kwenye kapu moja. Ukisimama sokoni Konde ukaita Ali Juma, wauzaji wataacha mizani waje. Yule Fatma wa magendo umri wake uliandikwa "mtu mzima", na kijiji chake hakikuandikwa. Anaweza kuwa yeyote. Kilichoandikwa vizuri ni alama za vidole vyake, safi kabisa, mtu aliyezichukua alikuwa fundi. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu. Fatma wetu atoe vidole vinavyosomeka, viwekwe kando ya vile, ionekane ni watu wawili. Asipovitoa, cheti hakiandikwi, na wenzake wanaokwenda India wataondoka mara tu baada ya mvua za masika.

Nilimwambia mwenyewe, kwa sababu Sajini aliona ni mazungumzo ya wanawake. Hakulia. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Karafuu zilimvunja kaka yangu," akasema. "Miye karafuu hata kuzinusa sitaki. Leo niambiwe nnaziuza kwa magendo?"

Sajini Faki, aliyekuwa amesimama baraza ya nje akijifanya hasikii, akaingia. Alimweleza kwamba mistari ya vidole haifi. Imelika juu tu, chini ipo, na ngozi ikipumzishwa huirudisha kama ilivyokuwa. Lakini ipumzishwe kweli. Mwani hapana, makumbi hapana, sabuni ya unga hapana, vyombo hapana, jembe hapana.

"Na ntafanya nini?" Fatma akauliza.

"Utakaa."

Laiti mngeuona uso wake. Mtu mwengine angeambiwa akae angeshukuru. Yeye alikuwa kama aliyehukumiwa. Nyumba ile yeye ndiye aliyeilisha; bibi yake na Hamad walimtegemea. Aliondoka bila ya kuniaga sawasawa, na mimi nikabaki na wino wangu, nikawaza kwamba hatarudi.

Alirudi, baada ya muda mzuri tu kupita. Kwanza iliingia harufu. Udi, liwa, asumini, mawaridi. Nikainuka kwenye kiti nikidhani tumepitiwa na harusi. Kumbe ni Fatma, amenawiri, ngozi inang'aa, haya zimemjaa, na nyuma yake wanawake wawili wa kijijini wananitazama kama waliotimiza wajibu na wanangoja kusifiwa. Nikamshika mkono. Wanangu, nimeshika mikono mingi, mmeshaambiwa, lakini mkono laini kama ule sikuwahi kuushika na sitaushika tena. Ilikuwa kama kushika yai lililochemshwa likamenywa. Nikamtia wino, nikamzungusha. Yai. Hata ule mviringo wa shilingi haukuwepo.

Sajini Faki akaangalia kadi, akanusa hewa, akaniangalia mimi. Kisha akatoka nje. Nilimwona dirishani ameshika nguzo, mabega yanamtikisika, na aliporudi macho yalikuwa yamelowa lakini sauti imetulia.

"Bi Zuhura," akasema, "hii kazi yenu. Nenda kaone wamemfanya nini."

Nikapanda gari ya Konde siku ya mapumziko yangu, kutoka Konde nikaenda kwa miguu, na nikafika kwa bibi yake, Bi Riziki. Hapo ndipo nilipofahamu. Bi Riziki alikuwa somo wa kijiji kizima, yeye ndiye anayewaweka wari ndani na kuwafunda. Hakuna bibi harusi wa upande ule ambaye hakupita kwake. Alipoambiwa msichana akae ndani, asiguse kazi, ngozi yake itengenezwe kwa ajili ya safari, alijua jambo hilo linafanywa vipi, kwa sababu amelifanya maisha yake yote. Akateremsha kinu cha singo. Akasaga maua, liwa, na vikorombwezo vyake. Wanawake wakaja zamu kwa zamu kumsinga Fatma, asubuhi na jioni, na kwa kuwa walishasikia kwamba tatizo ni vidole, basi vidole vilisingwa zaidi kuliko mwili wote. Na singo, kwa wanaume wanaosoma hapa, ni ya kusugua ngozi, inaondoa kila kilichokufa na kidogo cha kilicho hai.

Kijiji kizima kiliamini ni harusi. Watu walileta kanga. Mama mmoja alimwendea Bi Riziki kumlaumu kwa kumwoza mtoto ng'ambo bila ya kuwaambia majirani, na kumuuliza huyo bwana harusi Mhindi ameshasilimu.

Nikakaa chini, nikamweleza Bi Riziki taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia, anatafuna tambuu.

"Mwari nimuweke ndani asisingwe?" akasema. "Watu watasema nishakuwa mzee, akili zimenitoka."

"Bi Riziki, siye hatutaki apendeze. Tunataka akwaruze."

Akaacha kutafuna. Kisha akacheka, wanangu, kicheko cha kuangusha kuta, akaita wenzake uani, akawahadithia, nao wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi au kwa aibu yao. Hapakuwa na hata kimoja. Walivikusanya vinu vyao mbele ya macho yangu, na papo hapo wakagawana kazi upya. Kwa kuwa wakati ule wote, na hili ndilo nililokuwa silijui, mashamba ya mwani ya Fatma walikuwa wanayahudumia wao. Kila maji yakipwa, kabla ya kugusa kamba zao waligusa zake kwanza. Mwani wake ulivunwa, ukaanikwa, ukaingia nyumbani kwake. Hakuna aliyewaagiza. Waliniambia hayo kama mtu anavyokwambia kwamba jua limechomoza upande wa Micheweni. Mimi niliyesoma masomo ya jioni nikapata tarikhi na uraia, sikuwahi kusomeshwa jambo kama lile.

Kilichobaki ni makumbi. Kusokota kamba kunataka muda, na wanawake wale walikuwa hawana tena muda. Tukiwa bado tunazungumza, tukasikia Hamad barazani anamkemea dada yake. Amemkamata. Fatma alikuwa amekaa kizingitini kwa adabu zote, amejifunika kanga, na chini ya kanga ile mikono inasokota kamba.

"Toa hiyo," Hamad akamwambia.

"Mikono yaniwasha nikikaa bure."

"Na iwashe. Lete hapa."

Akaitupa mikongojo kando, akajivuta kwenye mkeka, akanyoosha mguu wake mmoja, akachukua usumba, zile nyuzi za makumbi, uliokuwa mapajani mwa dada yake, akaanza kusokota. Kamba ya kwanza ilikuwa kama utumbo wa kuku. Wanawake wakaziba midomo. Kwetu kusokota ni kazi ya wanawake, na vijana wawili waliokuwa wanapita njiani wakasimama, mmoja akamuuliza kama na singo amepakwa.

"Wenye kucheka leteni makumbi," Hamad akajibu, wala hakuinua kichwa.

Wakaleta. Naapa, sijui kama ni kwa haya au kwa mapenzi, lakini jioni ile nilipoondoka palikuwa na rundo la makumbi mbele ya baraza ile lililomzidi urefu Bi Riziki, na Hamad ndani yake anasokota, na nilipofika kwenye kona ya njia nilimsikia anaimba. Chini chini. Lakini alikuwa anaimba.

Kutoka hapo Fatma aliwekwa ndani kwa uwari ambao Pemba haijawahi kuuona. Hakusingwa, hakutiwa hina, hakufukizwa udi. Mafuta ya nazi viganjani asubuhi, mafuta ya nazi viganjani usiku. Alilishwa kama mtoto, maana Bi Riziki aliogopa hata pilipili ya mchuzi isimuunguze ncha za vidole. Habari zilinifikia Wete kwa wasafiri wa gari. Leo Fatma kataka kufagia, kanyang'anywa ufagio. Leo Fatma kakimbilia kisimani, karudishwa na watoto wa chuo cha Kurani. Mimi na Sajini tulikuwa tunazingoja habari zile kama watu wanaongoja matokeo ya mpira, na masika yalikuwa yanamalizikia, bado manyunyu ya mwisho mwisho.

Alipokuja mara ya tatu alikuja na Hamad. Sijui jamaa zao walimpitisha vipi katika tope lile; nadhani alibebwa, kwa sababu miguu ya suruali ya jamaa zake ilikuwa nyekundu mpaka magotini na yake safi. Alikaa kwenye benchi, mikongojo imeegemea ukuta, na viganja vyake, niliviona, vilikuwa vyekundu, vimechubuka, na kwenye ncha za vidole hamna mstari hata mmoja. Alikuwa amekwenda akachukua shilingi za dada yake akazivaa yeye.

Nikaufuta mkono wa Fatma, nikaukausha. Wino nikaupitisha rola mpaka ukawa mwembamba kama mvuke. Sikumuuliza habari za wifi, hana. Nilimuuliza Hamad huwa anaimba nini. Fatma akaanza kunieleza, mkono ukalegea, na mimi nikalaza dole gumba, nikalizungusha kuelekea kwake, nikanyanyua.

Mistari ilikuwepo. Myembamba, imepinda pamoja, kama matuta yaliyolimwa na mtu asiyekuwa na haraka. Niliendelea mpaka kidole cha mwisho bila ya kupumua, na hapo si chumvi naitia, muulizeni Sajini Faki, alidhani nitazimia. Akaweka lenzi, akatazama kidole baada ya kidole, akasema neno moja tu, "Alhamdulillahi," kisha akaichukua kadi ile mwenyewe kuipeleka kwenye boti, hakumwamini mtu.

Yule Fatma wa magendo dole gumba lake lilizunguka kama konokono. La Fatma wetu lilikuwa na kitanzi kilichofungukia upande mmoja. Hata mimi ningeona kwa jicho tupu. Cheti kiliandikwa, kikafika siku wenzake wanafunga mabegi.

Baadaye mashine zikaja. Hakuna wino, hakuna rola, unaweka kidole juu ya kioo na taa inawaka. Nilizipenda siku ya kwanza, nimechoka miaka yote kunuka mafuta ya taa ya kufutia wino. Vijana walioziendesha walikuwa hodari, na walinifundisha kwa heshima. Lakini mashine nayo ikikutana na mwanamke wa mwani inagoma vile vile. Wakati huo vijana walikuwa wananiita, nami nilikuwa namwambia yule mwanamke mambo yale yale. Kapumzishe mikono. Mafuta ya nazi. Singo usiguse. Kama unakwenda kusafiri na unajua utatakiwa vidole, mwanangu, usingoje mpaka wiki ya safari. Anza mapema kuacha kazi, na kama huwezi kuacha, watafute watu wa kukushikia. Ukiishi na watu vizuri utawapata. Hiyo nayo ni sehemu ya cheti cha tabia njema, ingawa haiandikwi.

Karibu na kustaafu kwangu, Sajini Faki ameshastaafu yuko kwao Makoongwe, aliingia mwanamke mmoja ofisini akanibusu mkono. Sikumtambua mpaka alipocheka. Fatma alikuwa amerudi zamani, ana karakana yake mjini Chake, ya miguu ya bandia, na sasa ameitwa tena India kwa mafunzo ya juu, anataka cheti kipya. Kijana wa mashine akamwekea kidole kwenye kioo. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu. Nikaushika mkono ule, nikaugeuza. Plasta, msasa, tupa, miaka yote ile ya kukwangua na kulainisha ili mguu usimuumize mtu. Ncha zote zimelika. Shilingi tupu.

"Unajua dawa yake," nikamwambia. "Kakae."

"Sikai, Bi Zuhura. Nnao watu wamekuja kutoka Mkoani wanangoja miguu. Nikikaa miye, wao watasimama na nini?"

Kijana wa mashine akainamisha kichwa. Mlangoni palikuwa na mwanamume mnene kidogo, amepiga pasi suruali yake, anafuta miguu kwenye kitambara cha mlangoni, mmoja, kisha wa pili. Nilidhani ni mteja mwengine. Akaingia, akanipa mkono, na kiganja kile kilikuwa kigumu kama gamba la kaa. Ndipo nilipomjua.

Hamad hakuzungumza na mimi. Alizungumza na dada yake, kwa sauti ya mtu ambaye jambo ameshaliamua njiani.

"Utakaa ndani, we. Karakana nnayo miye, nishajua kukwangua. Na kwa bibi hupelekwi, usije ukasingwa."

Akaniaga, akashuka ngazi za ofisi ile, zote, bila ya kushika ukuta, huku akiimba.